Sufuria Yangu Ndogo ya Krismasi

Kama umeambiwa una presha mwezi wa kumi na mbili, pole sana. Ungeambiwa mwezi wa pili ungezoea taratibu, nyumba ina ugali na maharage na mgeni hakuna. Lakini ukiambiwa wakati watu wanaulizana nguruwe anachinjwa kwa nani, hapo ndipo utajua roho yako imeumbwaje. Mimi yangu niliijua. Ina wivu. Naandika haya nikiwa nimetulia, presha imeshuka, jicho moja zima na la pili nusu, na sitakuficha kitu. Wote walionishauri waliniambia habari za chumvi na mafuta na kutembea. Hakuna aliyeniambia kwamba nitawachukia watu wanaokula.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Majengo, nyumbani ni Ruhuwiko, na kwa miaka zaidi ya ishirini ukoo wote wa mume wangu ulikuwa unakula Krismasi kwangu. Sufuria kubwa ilikuwa mikononi mwangu na mimi ndiye niliyekuwa naonja. Unajua kuonja kwetu: unachota mchuzi kwa mwiko, unadondosha kwenye kiganja cha kushoto, unalamba, unatazama juu kidogo, halafu unasema "bado" au "tayari". Hakuna mtu aliyepakua kabla sijasema tayari. Hata wazee walisubiri. Nilikuwa naringa, nakubali.

Ugonjwa ulijitokeza kwenye baridi ya mwezi wa saba, ile ya kushona umevaa masweta mawili. Kisogo kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi. Siku moja nikatunga uzi kwenye sindano mara saba, haupiti. Mteja amekaa pale ananitazama, nami nalamba uzi, naulenga, naukosa. Nikasema ni miwani imechoka. Mume wangu, Baba Winfrida, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, alifika akanitazama mara moja akasema, "Funga mashine. Twende hospitali."

Nesi alinifunga kile kitambaa mkononi, akapima. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umekuja na nani?" Ukiona nesi anakuuliza umekuja na nani, ujue mambo si mazuri. Ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi na mbili. Wakanipeleka kwa daktari wa macho, kijana mpole, akanitazama kwa tochi muda mrefu mpaka shingo ikaniuma.

"Presha imeshagusa macho, mama. Hili la kulia zaidi," akasema. "Ikishuka, tunalinda yaliyobaki. Isiposhuka, siwezi kukuahidi."

"Mimi ni fundi, mwanangu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilitoka pale nikiwa najua jambo moja tu: presha ishuke, la sivyo cherehani basi. Sina kazi nyingine mimi. Sijui kulima kwa kulipwa, sijui biashara. Najua kukata kitambaa kikae mwilini.

Basi nikatii. Vidonge kila asubuhi, sikuruka hata siku moja, ingawa vilinipeleka chooni mpaka wateja wakadhani namkimbia mtu. Kutembea, nikaanza kwenda Majengo kwa miguu na kurudi kwa miguu. Bia niliiaga, na komoni, pombe yetu ya kienyeji, pia, na chumvi niliiacha siku ile ile kana kwamba imenitukana. Nikanunua kisufuria changu kidogo, kile cha kupikia uji wa mtoto, nikawa najipikia peke yangu: kisamvu, mlenda, majani ya maboga, maharage. Chumvi hata punje. Natia magadi tu kidogo mboga ilainike, kama mama yangu alivyonifundisha, kitunguu na nyanya, basi. Wengine nyumbani wanakula vyao, mimi nakula kwenye kisufuria.

Nikapungua. Gauni zangu nikazibana mwenyewe, upande huu na upande huu, zikabaki mikunjo kiunoni. Watu wa Majengo wakaanza kunitazama mikono na shingo, unajua tena watu. Mama mmoja muuza nyanya akanishika begani akasema, "Fundi, kuna dawa siku hizi, watu wanaishi miaka mingi tu." Nikamwambia ni presha. Akanijibu, "Ndiyo, ndiyo, presha," akanipa nyanya mbili za nyongeza.

Na kliniki kila mwezi. Benchi letu ni refu, la mbao, limeegemea ukuta uliopakwa rangi ya bluu nusu. Ukiingia unakaa mwisho, aliye mbele akiitwa wote mnasogea. Asubuhi nzima kazi ni kusogea. Kila mtu ana daftari lake mapajani, na akitoka ndani unamtazama uso. Anayetabasamu imeshuka. Mimi niliwachukia wanaotabasamu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ruhuwiko, analewa hadharani, kila mwezi anatoka anacheka, "Mia thelathini na tano, mama! Mambo safi!" Namjibu hongera huku roho inanisaga.

Maana yangu haikushuka. Mwezi wa nane mia na themanini na nne. Mwezi wa tisa vilevile. Wakaniongezea kidonge, ikateremka kidogo, ikapanda tena. Mwezi wa kumi na moja yule nesi, mama wa makamo mwenye sauti nzito, akaweka kalamu chini.

"Mama, tusemezane. Unakula chumvi."

"Sili, nesi."

"Hata kuonja?"

"Nimekwambia sili! Nile kwa nani, kwani chumvi naipenda kuliko macho yangu?"

Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. Nililia njiani kwa hasira. Kusingiziwa kitu ambacho unakitamani na hujala, hilo ni jambo baya sana. Akanipangia nirudi mwezi wa kwanza, siku ile ile ya daktari wa macho.

Sasa nikwambie habari za wifi yangu. Anaitwa Kandida, dada wa mume wangu, amenizidi miaka miwili. Ana kibanda cha nguo za mitumba Majengo, mita mia tu kutoka kibarazani kwangu. Mnene, mcheshi, akicheka unamsikia mpaka stendi. Kandida huyu anakula. Anakula dagaa wa Nyasa wakavu kwa mkono kama karanga, na chumvi ananyunyiza juu kabla hata hajaonja. Kitimoto anakula na ngozi yake. Miguu yake hajaitembeza tangu pikipiki za abiria zilipoanza, hata kanisani anakwenda kwa pikipiki. Na haumwi! Kichwa haumwi, mgongo haumwi, na sindano anatunga gizani.

Zamani nilimpenda. Mwaka ule nilimwonea wivu mpaka nikawa nausikia mwilini, hapa chini ya kifua. Akipita kibarazani na muhindi wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili, namsalimia vizuri, "Karibu, wifi," halafu akiondoka nakanyaga mashine mpaka uzi unakatika. Nilikuwa na maswali kwa Mungu. Kwa nini mimi? Kwa nini si yeye? Kipindi cha Majilio nilikwenda kuungama, nikaungama hasira, nikaungama kumjibu nesi vibaya. Wivu nikauruka.

Siku chache baada ya hapo Kandida akaja nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akavua viatu. Nikajua ana neno.

"Wifi, usinichukie," akasema. "Krismasi hii sufuria kubwa naishika mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe mgonjwa. Pumzika."

"Sema kweli."

Akacheka kidogo. "Haya. Kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji yako watu walikula wali wako na kikopo cha chumvi mkononi. Ulimi wako umesahau, wifi. Si kosa lako."

Baba Winfrida alikuwa pale pale, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikamtazama anitetee. Akageuza ukurasa. Nilikaa siku tatu bila kumsemesha, na nakiri kwamba kwa siku hizo tatu nilimpikia chai isiyo na sukari kwa makusudi.

Winfrida, binti yetu, akafika kutoka Dodoma zikiwa zimebaki siku mbili. "Shikamoo mama. Mbona umekuwa mwembamba hivi?" Akanikumbatia muda mrefu, halafu akatoa boksi kwenye begi. Mashine ya kupimia presha, ya betri. "Ni ya kwako, mama, usiwe unasubiri kliniki." Nilishukuru, na nikaogopa hicho kitu hapo hapo.

Siku yenyewe ya Krismasi tulisali misa ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, uani kuna tope jekundu, wanawake wamefunga vitenge juu ya magoti. Kandida amesimama kwenye jiko kubwa la kuni na kanga yangu kiunoni. Kanga yangu! Pilau inanukia, kuku wanaungwa, kitimoto kinalia kwenye mafuta. Nami nimekaa pembeni kwenye kigoda, jiko dogo la mkaa, kisufuria changu kidogo, nachemsha kisamvu. Watoto wakipita wananiambia, "Bibi, unacheza kibaba baba?" Nikacheka nao. Sikuwa na kicheko chochote.

Kisamvu kilipochemka nikafungua kikaratasi changu, nikatia magadi. Kandida akawa amesimama nyuma yangu na mwiko.

"Wifi, hicho nini?"

"Huoni? Magadi."

"Na hiyo huweki kidogo. Acha magadi, wifi. Magadi nayo ni chumvi tu, imebadilisha nguo."

Nikainua kichwa polepole. Nilikuwa nimevumilia sufuria, nimevumilia kanga. Huyu mtu aliyejaa mafuta mpaka kwenye viwiko ananifundisha mimi chakula cha mgonjwa?

"Kandida," nikasema, na neno wifi nikaliacha, "umechukua sufuria kubwa. Sasa unaitaka na hii ndogo?"

"Sikutaka kukuudhi."

"Basi rudi kwenye mafuta yako."

Wanawake wakageuka kututazama. Kandida alisimama kidogo, mdomo wazi, kama anayetaka kuongeza neno. Halafu akarudi jikoni kwake. Baada ya muda nikamwona anadondosha mchuzi kwenye kiganja, analamba, anatazama juu. "Tayari!" akasema, na watu wakasogea na sahani. Sauti ile ilikuwa yangu. Nilishika mfuniko wa kisufuria uliokuwa wa moto na sikusikia moto.

Baada ya kula, watu wameshiba, Winfrida akaleta mashine yake sebuleni. Ikawa mchezo. Huyu apimwe, yule apimwe, kila mmoja anasomewa namba kwa sauti na kupigiwa makofi. Mimi nilikataa. Wakasema, "Mwenye mashine lazima!" Nikakaa. Kile kitambaa kikanibana, kikanibana, nikaona uso wa binti yangu unabadilika. Hakusoma kwa sauti. Mtoto wa jirani aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyesoma: mia na themanini na mbili, mia na nane.

Halafu Kandida. Alikuwa ametoka kula sahani mbili za pilau, kitimoto, na bia yake imebaki nusu mezani. Akaweka mkono wake mnene juu ya meza kama anauza samaki. Mashine ikabana, ikaachia. Mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane.

"Msichana!" watu wakashangilia. "Kandida msichana!"

Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike. Sikulia kwa sababu ya ugonjwa wangu, usinisingizie wema huo. Nililia kwa sababu ya afya yake. Nilikula majani miezi mitano, nikatembea mpaka soli zikaisha, nikaitwa marehemu mtarajiwa na wauza nyanya, halafu huyu! Niliomba, na hili ndilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo naandika, niliomba mashine ile irudiwe na safari hii isome vingine.

Nilipotoka alikuwa kwenye korido, amenisubiri. "Wifi, habari ya magadi sikusema kwa—"

"Nenda ukale, Kandida. Wewe una afya ya kula."

Aliondoka kabla ya chai. Desturi yetu anayepika ndiye anayeondoka na hotpoti iliyojaa. Hotpoti yake ilibaki mezani kwangu, imejaa, na mfuniko umefungwa vizuri. Baba Winfrida aliitazama, akanitazama mimi. "Hii uliyofanya leo siyo," akasema. Kwa mtu asiyependa maneno, hayo yalikuwa mengi.

Unadhani niliacha magadi? Niliongeza. Wiki zote za kuingia mwaka mpya niliongeza, kwa kumkomoa. Majani ya maboga yalikuwa yamechipua mapya, laini, natia magadi mpaka yanateleza, nakula namkumbuka Kandida. Kila tonge lilikuwa jibu kwake. Kwa sababu kama yeye anasema acha, basi hiyo ndiyo dawa yenyewe, anaionea wivu. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, mwanamke mtu mzima mwenye mtoto mwenye kazi serikalini.

Asubuhi moja katikati ya mwezi wa kwanza niliamka nikaona doa kwenye dari. Nikageuza kichwa, doa likageuka nami. Nikafumba jicho la kushoto, doa likajaa. Nikafumba la kulia, dari safi. Nilikaa kitandani nikarudia mara nyingi, nafumba hili, nafumba lile, kama mtoto anayecheza.

Kliniki ilikuwa kesho yake. Mia na themanini na nane kwa mia na kumi. Daktari wa macho akatazama kwa tochi yake, safari hii hakuchukua muda mrefu. Akasema damu imevuja ndani ya jicho la kulia. Akasema nyingine huenda ikasafishika, nyingine itabaki. Nikamwuliza la kushoto. Akasema, "La kushoto bado tunaweza kulipigania, mama, lakini presha hii lazima ishuke sasa." Nikarudi kwa nesi na karatasi yake.

Nesi aliisoma. Hakunigombeza. Akavuta kiti karibu. "Niambie unachokula. Kila kitu. Anza na jana."

"Jana nilikula majani ya maboga. Na ugali. Sikuweka chumvi, nesi, nakuapia."

"Ukayalainisha na nini?"

Nikatazama daftari langu mapajani.

"Mama. Magadi?"

"Kidogo."

Akashusha pumzi. "Lakini si nilimweleza wifi yako? Mama mmoja mnene, ana maneno mengi. Alikuja hapa siku mbili kabla ya Krismasi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa tangu saa mbili mpaka adhuhuri, daftari hana. Alipoingia nikataka kumpima, akasema hapana, mimi siumwi, nimekuja kuuliza habari za wifi yangu. Anafuata masharti yote lakini haishuki. Nikamwuliza mboga mnapikaje kwenu. Tukaongea, tukafika kwenye magadi. Akaruka kwenye kiti! Akasema nakimbia kumwambia." Nesi akanitazama. "Hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema.

"Sasa?"

Nilisema tu, "Nilichelewa kusikia." Akaandika dawa, akabadilisha kidonge kimoja, akaniambia magadi yatupwe leo, siyo kesho.

Wiki mbili za kuelekea Krismasi ndiyo msimu wa Kandida. Watu wote wanavaa, kibanda chake kinajaa mpaka watu wanachagulia nguo barabarani. Na yeye alifunga kibanda asubuhi nzima akakae kwenye benchi letu, asogee, asogee, kwa ajili ya presha ambayo hana. Na siku ile uani, na mwiko mkononi, angeweza kusema mbele ya wanawake wote, nimetumwa na nesi. Hakusema. Nadhani hakutaka wajue alikwenda kuniulizia kwa siri, wakaanza kunionea huruma.

Mvua ilinikuta njiani. Niliingia kibandani kwake nimelowa, gauni langu lenye mikunjo limeganda mwilini. Alikuwa anakunja masweta. Aliniona, akaacha kukunja.

"Kuna nini? Kaka yangu mzima?"

"Mzima. Jicho langu la kulia limeharibika."

Akaketi juu ya bunda la nguo. Nikamweleza yote, doa, daktari, nesi. Halafu nikasema lile nililolikimbia hata kwa padri. "Nilikuonea wivu, wifi. Ulivyokuwa unakula. Ningesikia kwa mtu mwingine yeyote ningeacha siku ile. Kwa sababu ulikuwa wewe, sikuacha."

Machozi yakamtoka, akayafuta na sweta la mteja.

"Kumwonea wivu mtu anayekula!" akasema mwishowe. "Ungeniambia, wifi. Ningekuwa nakula nimekupa mgongo."

Tukacheka, tukalia, mteja akaingia akatoka.

Magadi niliyamwaga. Wiki ya kwanza mboga ilikuwa ngumu na haina lolote, naitafuna kama kitambaa. Nikajifunza ndimu. Nikajifunza kutwanga karanga mbichi na kuzichemsha na kisamvu muda mrefu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho iliyochomwa kwenye mkaa. Likolo, mboga yetu ya majani, linaweza kuwa tamu, linataka subira tu. Mahindi mabichi yalipoiva nilikuwa mia na hamsini na mbili. Baridi iliporudi nilikuwa mia na thelathini na sita kwa themanini na nne, na mimi nikatoka kwa nesi natabasamu, na nikaona mama mmoja mgeni kwenye benchi ananichukia. Nilimwelewa kabisa. Nilikaa naye nikamwuliza anapikaje mboga.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sikukuu ikikukuta hivi, meza vidonge vyako kama ulivyopangiwa, tembea, na mwambie nesi kila kitu kinachoingia kwenye sufuria, hata kile unachokiona si chumvi. Na ukimwonea mtu wivu, mwambie mapema. Mimi kuchelewa kwangu kulikuwa wiki tatu, na doa langu lipo mpaka leo, ukubwa wa kifungo cha shati, limekaa juu upande wa kulia. Nashona, lakini sindano siwezi kutunga. Jicho moja linakosea umbali. Basi kila asubuhi kabla hajafungua kibanda Kandida anapita kibarazani, anatunga sindano kumi na mbili, anazichoma kwenye kimto changu cha sindano, anaondoka. Anatunga mara moja tu, bila kulamba uzi. Namtazama, na kijiba cha roho kinanipanda kidogo. Sijakuficha kitu tangu mwanzo, sitaanza sasa.

Krismasi iliyopita sufuria kubwa aliishika yeye tena. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu na kisufuria changu. Akaniita kwa sauti, wanawake wote wanasikia: "Wifi, njoo uonje!"

Nikaenda. Zaidi ya mwaka sikuwa nimesimama mbele ya sufuria ile. Akadondosha mchuzi kwenye kiganja changu cha kushoto. Nikalamba, nikatazama juu, nikalamba tena. Kitunguu saumu, ndimu, tangawizi, karanga kwa mbali. Chumvi ilikuwa kidogo sana, karibu hakuna.

"Wifi," nikamnong'oneza, "watu watauliza kikopo cha chumvi."

"Nimekificha," akasema. "Sema neno lako watu wale."

Wote walikuwa wameshika sahani wananisubiri, Baba Winfrida mbele kabisa. Nikasema, "Tayari."

Nilikula kwenye sufuria kubwa siku ile, sahani moja, nimekaa na wenzangu. Baada ya chakula Winfrida akaleta mashine. Mia na thelathini na mbili kwa themanini, wakanipigia makofi mpaka nikaona aibu. Akafuata Kandida, mkono mezani, bia yake nusu. Mia na kumi na nane kwa sabini na nne.

"Nimekushinda tena, wifi," akasema.

"Geuka huko," nikamwambia. "Nipe mgongo."